Saa Chache za Mtoto Mgonjwa

Chukua ramani ya Kenya, msomaji, uufuate mto Athi kwa kidole chako. Utauona ukitoka nyanda za juu karibu na Nairobi, ukishuka kuelekea kusini na mashariki, kisha ukibadili jina kuwa Galana, na baadaye Sabaki, kabla haujaingia baharini karibu na Malindi. Katika sehemu ya kati ya safari yake mto huo ni mpaka: ng'ambo ya magharibi ni Makueni, na ng'ambo ya mashariki ni Kitui. Hizi ni nchi za Wakamba, nchi za mibuyu na migunga, za mvua haba, na za mito ya mchanga ambayo watu huivuka kwa miguu miezi mingi ya mwaka, lakini ikinyesha mvua siku moja tu haivukiki hata kwa gari. Makueni ina eneo la kilomita za mraba kama 8,000. Kitui peke yake ina zaidi ya 30,000, ukubwa unaoukaribia ule wa Ubelgiji nzima.

Nimekuomba uanze na ramani kwa sababu habari nitakayokusimulia ni ya ugonjwa unaoua kwa saa, na katika nchi hizi saa hupotea njiani.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya uti wa mgongo. Ubongo wa mwanadamu, pamoja na uti ushukao mgongoni, umefunikwa kwa tando nyembamba, na kati ya tando hizo mna maji maangavu kama maji ya chemchemi. Vijidudu vya namna fulani vikipenya na kuingia katika maji hayo, huzaana upesi, maji hugeuka kuwa machafu kama maji yaliyotiwa maziwa, na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilokuwa na nafasi ya kutanuka. Mtu mzima aliyepatwa na jambo hilo hulia kichwa na kukaza shingo. Mtoto mchanga hawezi kusema kitu. Hukataa ziwa, hutapika, hulia kwa sauti nyembamba anapoinuliwa, kisha hulegea na kusinzia. Utosi wake, mahali pale laini juu ya kichwa, huweza kuvimba kwa nje. Na mara nyingi degedege humjia. Shingo yake huenda isikaze hata kidogo, na kwa hiyo hata mwenye ujuzi huweza kudanganyika.

Hebu fikiri mama mmoja wa upande wa Ikutha, kusini mwa Kitui. Mwanawe wa miezi minane alikuwa na mafua jana. Leo jioni mwili wake ni moto, na hataki kunyonya. Bibi yake mtoto, ambaye kwa Kikamba huitwa susu, anamfuta kwa kitambaa cha maji na kusema kwamba ni malaria, tena ana haki ya kusema hivyo, maana amelea watoto wengi na homa nyingi alizoziona zilikuwa malaria. Usiku wa manane mtoto anashikwa na degedege. Sasa nyumba nzima imeamka. Wamngoje mapambazuko? Wamwite mundu mue, yaani mganga wa kienyeji, aliye karibu, au wamtafute mwenye gari, aliye mbali? Kila mashauri yanavyozidi, ndivyo vijidudu navyo vinavyozidi.

Usiwacheke watu hao, msomaji. Katika Afrika Mashariki yote degedege imekuwa na maelezo yake tangu kale. Pwani walisema ni ndege wa usiku apitaye juu ya nyumba. Maelezo hayo hayakuwa ya kweli, lakini yalitokana na jambo ambalo kila mzazi aliliona kwa macho yake: mtoto aliyekuwa akicheza adhuhuri aweza kuwa maiti alfajiri. Na watoto waliokufa hivyo nyumbani, wakazikwa nyumbani, hawakuandikwa katika daftari lolote. Miaka ya njaa ina majina Ukambani, kama ile ya mwisho wa karne ya kumi na tisa iitwayo Yua ya Ngomanisye, iliyokuja pamoja na ndui. Homa ya watoto haikupewa mwaka wala jina, kwa kuwa ilikuja kila mwaka, nyumba moja moja.

Mwaka 1891 wamisheni wa Kiskoti walianzisha kituo Kibwezi, mahali palipo leo katika Makueni, kandokando ya njia iliyotoka pwani kwenda bara. Walikuwa na daktari. Walikuwa na dawa za homa na vyombo vya kupasulia, lakini kwa mtoto mwenye ugonjwa huu daktari yule hakuwa na kitu zaidi ya kile alichokuwa nacho susu. Malaria iliwaua wamisheni wenyewe, na mwaka 1898 kituo kilihamishwa kikapelekwa Kikuyu. Nakitaja kituo hicho kwa sababu ya ule mwaka wa 1891. Mwaka huo huo, huko Ujerumani, profesa mmoja wa mji wa Kiel aitwaye Heinrich Quincke aliwaonyesha waganga wenzake jinsi ya kupitisha sindano kati ya mifupa ya mgongo, chini kabisa mahali ambapo uti wenyewe umekwisha, na kutoa matone ya yale maji bila kumdhuru mgonjwa. Mpaka siku ya leo hiyo ndiyo njia ya kuujua ugonjwa kwa hakika. Maji yakitoka safi, moyo hutulia. Yakitoka na ukungu, hapana haja ya kungoja zaidi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kuelezwa tangu mwaka 1805, pale Gaspard Vieusseux alipoandika habari za watu wa Geneva waliokufa kwa ghafla. Mwaka 1887 Anton Weichselbaum wa Vienna alikiona kijidudu kimoja kinachouleta, ambacho siku hizi huitwa meningokokasi. Hicho ndicho kinacholeta magonjwa ya mlipuko, yanayozikumba nchi za ukanda mkavu kutoka Senegal mpaka Ethiopia. Lakini watoto wadogo wa nchi zisizokuwa katika ukanda huo waliuawa zaidi na vijidudu vingine viwili. Cha kwanza ni numokokasi, kile kile kiletacho kichomi. Cha pili kina jina la uongo. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer alikiona katika makohozi ya wagonjwa wa mafua makali ya influenza, akadhani kwamba amekikamata chanzo cha mafua. Kikaitwa Hemofilasi influenza. Alikosea, maana influenza huletwa na kirusi kisichoonekana kwa hadubini za zama zile. Jina limebaki hivyo hivyo, nalo huwachanganya wanafunzi kila mwaka. Mwaka 1931 Margaret Pittman, bibi mmoja wa Marekani, aligundua kwamba baadhi ya vijidudu hivyo vimejifunika ganda, na kwamba vile vyenye ganda la aina ya b ndivyo viletavyo ugonjwa mkali kwa watoto. Likumbuke ganda hilo, tutalirudia.

Mpaka kufikia miaka ya 1930 mtoto aliyepatwa na homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na hemofilasi alikuwa karibu na hakika ya kufa, hata katika hospitali kubwa za New York. Katika mojawapo ya hospitali hizo alifanya kazi daktari aitwaye Hattie Alexander, ambaye mwaka 1939 alitangaza dawa aliyoitengeneza kwa maji ya damu ya sungura, nayo iliwaponya watoto waliokuwa wamekwisha kukatiwa tamaa. Katika miaka hiyo zilikuja pia dawa za salfa, kisha penisilini. Mwaka 1942 Alexander Fleming mwenyewe, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alimdunga mgonjwa mmoja wa homa hii dawa hiyo ndani ya maji ya mgongo katika hospitali moja ya London, na mtu yule aliyekuwa mahututi akapona. Baada ya vita dawa hizo zilisafirishwa duniani kote, na hospitali za Kenya nazo zikazipata.

Basi, je, shida ilikwisha? Hapa ndipo ninapotaka uirudie ramani. Dawa ilikuwa Kitui mjini, na mtoto alikuwa Mutha. Dawa ilikuwa Machakos, maana Makueni yote ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos mpaka mwaka 1992, na mtoto alikuwa katika kijiji kimoja upande wa Athi, ambako wakulima walipewa mashamba mapya katika miaka ya 1940 na 1950 baada ya msitu wenye mbung'o kufyekwa. Hospitali za misheni zilipunguza mwendo kidogo, kama ile ya Mutomo iliyoanzishwa katika miaka ya 1960. Lakini barabara iendayo kutoka Kibwezi, ikavuka Athi, ikapita Ikutha na Mutomo hadi Kitui, ilikuwa ya vumbi na mashimo, wala haikupata lami ila katika miaka ya karibuni. Mto Tiva ukijaa, mgonjwa hukaa ukingoni akitazama maji. Penisilini ina nguvu nyingi, lakini haiwezi kuvuka mto peke yake.

Tena kuponywa si kupona kila mara. Hata siku hizi, mgonjwa mmoja katika kila sita wa homa hii iletwayo na vijidudu vya namna hii hufa, na katika kila watano wanaosalimika mmoja hubaki na kilema: uziwi, kifafa, mkono usioshika au akili iliyopungua. Mtoto aliyefikishwa hospitali siku ya tatu badala ya siku ya kwanza huenda akarudi nyumbani hai, mama yake akamwimbia, naye asigeuze kichwa. Wazazi wengi wamegundua uziwi wa mtoto wao kwa njia hiyo, wiki nyingi baada ya kumshukuru Mungu kwa kumponya.

Mwaka 1989 yalitokea Kenya mambo matatu ambayo mwandishi wa historia hupenda kuyaweka pamoja, ingawa wakati ule hapana aliyeyaona kuwa ni pamoja. La kwanza, homa ya uti wa mgongo ya namna ya mlipuko iliingia Nairobi, na kati ya Aprili na Novemba watu kama 3,800 waliugua, wengi wao katika mitaa yenye msongamano. Magazeti yaliandika, na watu walipanga foleni ndefu za chanjo. La pili, serikali ilianza kutoza ada katika hospitali zake, na kwa mtu wa Mwingi au Kathonzweni ambaye mahindi yake yamekauka, shilingi chache zilikuwa sababu ya kutosha ya kungoja mpaka kesho. Ada hizo zilipunguzwa sana mwaka 2004, zikawa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, na mwaka 2013 zikaondolewa huko. La tatu halikupigiwa kelele: watafiti walifungua kituo chao katika hospitali ya wilaya ya Kilifi, pwani, wakaanza kuhesabu watoto.

Wakamba walikwisha kuiona kazi ya namna hiyo. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Kenya na Uholanzi waliwatembelea watu wa Matungulu na Mbiuni, kaskazini mwa Machakos, nyumba kwa nyumba mwaka baada ya mwaka, wakiandika nani amezaliwa, nani ana surua, nani ana kifaduro. Kazi kama hiyo haina utukufu. Lakini bila ya daftari la namna hiyo huwezi kujua kitu kinachoua polepole kila mahali, wala huwezi kujua kama umekizuia.

Huko Kilifi kila mtoto aliyelazwa alipimwa damu, na aliyeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo alitolewa yale maji ya Quincke. Mwaka 2001 watafiti hao walitoa habari ya kuhuzunisha: katika hospitali ya kawaida ya wilaya isiyokuwa na maabara nzuri, angalau watoto 30 katika kila 100 wenye ugonjwa huu wangepita bila kutambuliwa. Fikiri maana yake. Mama amekwisha kusafiri usiku, amekwisha kuvuka mto, amekwisha kulipa gari, amefika mbele ya daktari mwenye dawa kabatini, na bado mtoto anatibiwa malaria.

Kama mbio hizi hazishindiki kwa kukimbia, labda zingeshindwa kwa kutangulia. Sasa turudi kwenye lile ganda la Margaret Pittman. Limefanywa kwa namna ya sukari. Mwili wa mtu mzima huitambua sukari hiyo kuwa adui na kuishambulia. Mwili wa mtoto aliye chini ya miezi kumi na minane hauitambui vizuri. Na ulinzi alioupata kwa mama yake tumboni hupungua katika miezi ya mwanzo ya maisha. Hapo katikati mlango uko wazi, na ndiyo maana ugonjwa huwapata zaidi watoto wa umri huo. Chanjo ya kwanza, iliyofanywa kwa sukari peke yake, haikuwafaa wadogo hao. Ndipo wataalamu wanne wa Marekani, John Robbins na Rachel Schneerson upande mmoja, David Smith na Porter Anderson upande wa pili, walipofanya jambo ambalo mchungaji yeyote wa Ukambani angelielewa: walimfungia mnyama kengele. Waliiunganisha ile sukari na protini ambayo mwili wa mtoto huitambua mara moja, na mwili ulipoigeukia protini ukajifunza kuitambua sukari pia. Chanjo hiyo ilikubaliwa Marekani mwaka 1987, na mwaka 1990 ikaruhusiwa kwa watoto wachanga. Katika nchi tajiri ugonjwa ulianguka karibu ghafla. Afrika ilingoja. Gambia ilijaribu kwa watoto zaidi ya 42,000 kati ya mwaka 1993 na 1995, ikaona kwamba inafaa, lakini bei ilikuwa kubwa mno kwa nchi nyingi. Mimi naona kwamba miaka ile ya kungoja ni sehemu ya historia ya ugonjwa huu kama ilivyo hadubini ya Weichselbaum, maana watoto waliokufa humo walikufa dawa ikiwa imekwisha kupatikana.

Novemba 2001, kwa msaada wa shirika la kimataifa la GAVI lililoanzishwa mwaka 2000, Kenya iliitia chanjo ya hemofilasi katika sindano moja pamoja na zile za dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini, itolewe mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Njia ya kuipeleka ilikuwa tayari, kwa sababu tangu mwaka 1980 mpango wa taifa wa chanjo ulikuwa ukipeleka sindano za magonjwa mengine mpaka zahanati za mbali. Usidhani kwamba njia hiyo ilikuwa nyepesi. Chanjo hii yataka kuwekwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi; joto huiharibu, na barafu huiharibu vile vile. Katika nchi ambayo adhuhuri mbuzi hugombania kivuli, muuguzi wa zahanati isiyo na umeme alitegemea friji ya mafuta ya taa au ya gesi, akaiangalia kama mtu aangaliavyo moto wa jikoni usizimike, na siku za kliniki za vijijini akabeba sanduku lenye vipande vya barafu mpaka chini ya mti walikokusanyika akina mama.

Matokeo yalionekana mahali palipokuwa na daftari, yaani Kilifi. Kabla ya chanjo, kati ya watoto 100,000 walio chini ya miaka mitano, 66 walipatwa kila mwaka na ugonjwa mkali wa hemofilasi, katika damu, mapafu au uti wa mgongo. Kufikia miaka ya 2004 na 2005 hesabu ilikuwa chini ya 8. Ilikadiriwa kwamba kwa mwaka 2005 peke yake watoto zaidi ya 3,000 nchini Kenya hawakulazwa hospitali kwa sababu ya sindano hiyo. Mwaka 2011 ikafuata chanjo ya numokokasi, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuitumia, na huko Kilifi ugonjwa mkali wa zile aina zilizomo katika chanjo ukashuka kwa watoto wadogo kutoka karibu 61 hadi 3 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Sindano iliyotolewa Kilifi ndiyo iliyotolewa Mutomo na Makindu. Watoto wa Kitui na Makueni ambao wangeugua katika miaka hiyo hawana orodha, wala hawajijui. Huenda wewe usomaye ni mmoja wao. Tazama kadi yako ya kliniki, kama mama yako ameitunza.

Makueni ilifanya na jambo jingine. Tangu mwaka 2016 serikali ya kaunti ilianzisha mpango wa MakueniCare, ambao kwa shilingi 500 kwa mwaka jamaa nzima ilitibiwa katika hospitali za kaunti pasipo kuulizwa fedha mlangoni. Na mwaka 2018 hospitali ya akina mama na watoto ilifunguliwa mjini Wote. Ukilinganisha na mashauri ya usiku wa manane niliyokueleza mwanzoni, utaona kwamba swali moja lilikuwa limeondolewa katika yale maswali.

Lakini sindano ya kwanza hutolewa wiki ya 6. Mtoto wa wiki mbili hana kinga hiyo, na vijidudu vinavyompata mara nyingi ni vya namna nyingine, ambavyo baadhi yake huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, navyo havimo katika sindano yoyote anayopewa. Dawa zinazomponya zipo, ingawa vijidudu vingine vimekwisha kujifunza kuzishinda zile za zamani. Mtoto huyo akikataa ziwa jioni upande wa Ikutha, mbio ni zile zile. Sasa barabara ni ya lami, pikipiki hupatikana, na mama ana simu. Kutoka mlangoni pake mpaka barabarani bado ni mchanga.